Nyekundu na Nyeupe Kwenye Mteremko wa Machimbo

Wanangu wawili walikuwa hawajakaa chumba kimoja tangu mashindano yao ya mwisho ya pikipiki, na siku walipokubali kukaa, ilikuwa ni kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Walikaa sebuleni kwangu, Jumapili mchana, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, na mimi katikati yao na birika la chai ambalo hakuna aliyeligusa.

Mkubwa tunamwita Bingwa. Ni jina alilopewa na watu wa mashindano akiwa kijana, na limemganda hata sasa ambapo anatembea akiburuta mguu wa kushoto. Mdogo ni kitindamimba wangu, nasi tunamwita Kitinda tu, ingawa naye ana mvi za kutosha kujaza kikapu.

Nyuma ya nyumba yangu kuna gereji aliyoijenga marehemu baba yao. Mlango wake ni wa bati, meza yake ya kazi ina kidonda katikati pale walipozoea kugongea, na sakafu imekunywa oili mpaka imekuwa nyeusi na laini kama ngozi. Bingwa ndiye mwenye gereji. Lakini nyonga yake imeshachoka, hawezi tena kuchuchumaa mbele ya injini, na alikuwa amempata mtu wa kuuza matairi ampangishe. Kitinda alipopata habari hizo hakulala. Yeye anatengeneza pampu za maji kwenye banda la mtu mwingine, anatumwa kama mtoto, anaambiwa lete hiki peleka kile, huku gereji ya baba yake inakwenda kujazwa matairi. Alituma watu wamwombee. Bingwa akawarudisha na jibu moja: "Mwambieni siwezi kumpa gereji mtu aliyeninyima oili."

Hapo lazima nieleze, maana neno hilo ndilo lililotuvunjia nyumba.

Pikipiki walizokuwa wakishindania zilikuwa za stroki mbili. Injini ya namna hiyo haina oili inayokaa peke yake chini kama hizi za sasa. Oili unaichanganya na petroli, vyote vinapita njia moja. Ukitia oili kidogo mno, pistoni inakosa ulaini, inapata moto, inanata ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma linakufa palepale, na aliye juu anarushwa kama gunia.

Baba yao alikuwa na sheria ya gereji: hakuna anayejichanganyia petroli yake. Bingwa alichanganya ya Kitinda, Kitinda akachanganya ya Bingwa. Mzee alisema ndugu wanaoshindana wajue kila mmoja kashika roho ya mwenzake mkononi. Ilikuwa sheria nzuri mpaka siku ilipokuwa mbaya.

Bingwa alikuwa na Nyekundu, Kitinda alikuwa na Nyeupe. Mwaka wa mashindano yao ya mwisho wakapelekwa kwenye njia mpya iliyopita machimbo ya mawe, na kulikuwa na mteremko mrefu ambao hawakuwahi kuupata kwingine. Mzunguko wa mwisho Bingwa alikuwa mbele. Chini ya mteremko injini ya Nyekundu ikanata. Akaruka, akavunjika nyonga. Kitinda akampita, akashinda. Bingwa alipopata fahamu hospitali, neno la kwanza lilikuwa, "Muulizeni alinitilia oili kiasi gani." Mdogo wake akasema alitia kipimo kamili. Hakuaminiwa. Tangu hapo, msiba kwa msiba na harusi kwa harusi, mmoja akija mwingine hatokei.

Aliyewaleta sebuleni ni mjukuu wangu, binti wa Kitinda. Ni mtu mzima mwenye kazi yake, lakini kwangu mimi ni mke mwenzangu, na utani wetu hauishi. Kazi yake ni kutengeneza pikipiki zisizoshikika. Kuna mchezo wa kompyuta ambao watu wanaendesha pikipiki za mashindano kama za kweli, na yeye anaziunda humo ndani: uzito, gia, joto la injini, hata jinsi oili inavyopungua. Alichukua injini zile mbili kuukuu zilizobaki stoo, akazipima kila tundu. Akachukua na mikono ya usukani wa pikipiki kuukuu, yenye klachi na breki na mpini wa mafuta unaouzungusha kuongeza au kupunguza mwendo, akaifunga kwa skrubu kwenye benchi la mbao na kuiunganisha kwa waya. Unakaa juu ya benchi, unakamata mikono, unaona barabara kwenye kioo cha kompyuta.

Nyeupe alimpa baba yake aijaribu, akasema ni yenyewe. Nyekundu ilihitaji mkono wa aliyeipanda. Akamwendea Bingwa mwenyewe.

"Baba mkubwa, naomba uje uniambie kama nimekosea."

"Umekosea kuzaliwa na yule," Bingwa akamjibu. Kisha akauliza, "Na ule mteremko umeuweka?"

"Nimeuweka."

"Basi nakuja. Na yule naye aje. Aje aone kwa macho yake. Nikishuka na Nyekundu ikiwa na oili ya kutosha, ikafika chini salama, dunia nzima itajua alinifanyia nini, na gereji nampa mwenye matairi kesho yake. Ikinata na oili yote hiyo, gereji ni yake, aichukue."

Kitinda alipoletewa maneno hayo alisema neno moja tu: "Nakuja."

Hivyo ndivyo tulivyokaa.

Bingwa alianza kwenye sehemu ya tambarare ili kuzionja zote mbili. Alipanda benchi kwa shida, mguu mbovu akauinua kwa mkono. Nikataka kumsaidia, akanitazama nikarudi kukaa. Akaanza na Nyeupe, pikipiki ya mdogo wake.

"Hii nayo!" alisema. "Inavuta kuanzia chini, ndiyo, inavuta vizuri. Lakini juu haina kitu. Kama mtu anayekukaribisha mpaka mlangoni halafu hana chakula."

"Ilikushinda hivyohivyo," Kitinda aliuambia ukuta.

"Ilimshinda mtu aliyelala chini! Hongera!"

"Jamani," nikasema.

Mjukuu akabadilisha, akamwekea Nyekundu. Hapo nilimwona mwanangu mwingine kabisa. Mwanzoni injini ilikuwa inagugumia tu, haina nguvu, akaichezesha klachi kwa vidole viwili. Sauti ikapanda, ikapanda, kisha kama vile imetobolewa ikatoka ukelele mmoja mwembamba, na barabara kwenye kioo ikamjia mbio hadi mimi nikashika kiti. Bingwa alitabasamu. Miaka yote sikuwa nimeyaona yale meno.

"Chini haina kitu, juu inalipuka," alisema polepole. "Ukichelewa gia imekufa, ukiwahi imekufa. Lazima uikamate palepale. Mtoto, umeipata. Ndiyo yenyewe hii."

"Ahsante, baba mkubwa."

"Usinishukuru. Nionyeshe oili iko wapi."

Kwenye kioo palikuwa na kichupa kilichochorwa, unakivuta juu au chini kuongeza na kupunguza. Binti alinyoosha mkono amwekee, Bingwa akaupiga kofi.

"Ondoa mkono wako. Safari hii najichanganyia mwenyewe. Sitaki mtu wa damu ile aguse."

"Damu ile ni yako pia," nikamwambia.

"Mama, usinianze." Akakivuta kichupa mpaka kwenye kipimo cha baba yake, akatazama vizuri, akaongeza kidogo juu yake. "Wote mmeona? Kimejaa. Wewe unayetazama ukuta, umeona?"

Kitinda akageuka, akaona, akaitikia kwa kichwa. Gereji yake yote ilikuwa mle kwenye kile kichupa.

Bingwa akaondoka. Akapita tambarare, akapita kona za mawe, akafika juu ya machimbo. Akashuka. Ukelele ule ukakatika ghafla. Sebule nzima ikawa kimya, tukasikia upepo tu kwenye spika. Barabara ilikuwa inakimbia, yeye kainamia mikono, breki bado hajagusa, kaacha mpaka mwisho kabisa kama alivyokuwa akifanya ujanani, watu wakimpigia mbinja. Akafika karibu na chini. Kukasikika mlio kama wa sufuria inayokwaruzwa. Gurudumu likafa. Nyekundu ikalala ubavu, ikaburuzika mpaka kwenye mawe.

Bingwa alikuwa bado kashika mikono ya benchi kana kwamba ataanguka kweli.

Kisha akalipuka. "Umeipanga!" alimpigia kelele binti. "Umeipanga na baba yako! Mmekaa huko kwenu mmekula njama mnione nikigaragara tena!"

"Baba mkubwa, mchezo haujui aliyepanda ni nani. Unajua mkono tu."

"Mkono! Mkono gani? Niwekee Nyeupe. Kama ni mkono, basi na Nyeupe itanata. Na haitanata, maana hiyo ni ya baba yako, hiyo mmeitunza."

Akawekewa Nyeupe. Akajichanganyia tena mwenyewe, akajaza. Akashuka. Kimya kilekile, upepo uleule. Nyeupe ilikwenda mbele kidogo kuliko mwenzake, nikaanza kudhani itafika, kisha ile sufuria ikakwaruzwa tena, ikalala.

Kitinda akasimama. "Shuka," alimwambia kaka yake.

"Unamwambia nani?"

"Nakuambia wewe. Shuka kwenye benchi. Miaka yote umenipaka matope kwa kila mtu. Fundi gani atampa kazi mtu aliyetaka kumuua ndugu yake? Umenifanya niokote pampu za watu. Shuka."

Bingwa akashuka, akauburuta mguu wake hadi kwenye kiti, akakaa akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeinatisha.

Kitinda akapanda. "Niwekee Nyekundu," alimwambia binti yake. "Na oili weka nusu."

"Baba, nusu?"

"Nusu. Ile anayosema nilimtilia. Tuione hiyo nusu yake."

Binti akaniangalia. Nami nikaona hasira imemfikisha mwanangu mahali pa kucheza kamari na gereji aliyokwisha kuipata, lakini sikusema. Akikasirika huyu haambiliki, hata tumboni alikuwa hivyo.

Akaondoka na Nyekundu ya kaka yake. Ilimsumbua. Kwenye kona ilikuwa inagugumia, hakujua kuikamata pale inapolipuka, na Bingwa kila ikigugumia alikuwa anacheka kwa pua. "Gia! Gia, bwege wewe! Unaipeleka kama mkokoteni." Akafika juu ya machimbo. Akashuka.

Na mimi nikasikia kitu. Hakukuwa na kimya. Kila baada ya kidogo injini ilikuwa inakohoa: mba, mba, halafu tena, mba. Mshale wa joto kwenye kona ya kioo ulipanda mpaka karibu na alama ya hatari, ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Kohoa, kohoa, mpaka chini. Akafunga breki, akakata kona, akaendelea. Salama, na nusu ya oili.

"Kwa nini ya huyu inakohoa," nikauliza, "na ya huyu ilinyamaza?"

Niliuliza kwa sababu nilikuwa nimezoea. Walipokuwa vijana, wakirudi nyumbani nilijua nani anashuka barabarani kabla sijamwona. Mmoja alikuja akikohoa, mwingine alikuja kimya, halafu kelele za breki. Nilidhani ni pikipiki zenyewe ndizo zilizoumbwa hivyo. Sasa ilikuwa pikipiki ileile moja.

Binti akanitazama, akabonyeza vitu fulani, kioo kikabadilika. Ikaja mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. "Huu ni mpini wa mafuta," alisema. "Jinsi kila mtu alivyoufungua na kuufunga. Huu ni wa baba." Ulikuwa unaruka vilima vidogo vidogo katika mteremko wote. "Huu ni wa baba mkubwa."

Wa Bingwa ulikuwa umelala chini, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Ukiufunga kabisa," binti alisema, sasa kwa sauti ndogo, "petroli haiingii. Na oili iko ndani ya petroli. Gurudumu linaisukuma injini izunguke mbio vilevile, lakini inazunguka kavu. Kwenye mteremko mfupi huoni kitu. Kwenye mrefu..."

"Mzee alikuambia," Kitinda alidakia. "Alituambia wote wawili. Iache ikohoe, usiizibe mdomo. Wewe ukasema kukohoa ni kwa waoga."

"Nilisema!" Bingwa alisimama. "Nilisema, ndiyo! Na niliwashinda wote kwa kufunga, kila mahali!"

"Kila mahali palipokuwa pafupi."

Nilidhani atampiga. Alipiga hatua hadi pale kwenye benchi, na Kitinda hakurudi nyuma, wakawa wanapumuliana usoni, wazee wawili wazima. Kisha Bingwa akamsukuma kwa kiwiko, akapanda mwenyewe bila kuuinua mguu kwa mkono, akauma meno kwa maumivu.

"Nyekundu," alisema. "Na nusu hiyohiyo."

Hii ya mwisho sitaisahau. Kwenye kona aliikamata palepale kila mara, ikalia ule ukelele wake bila kupumzika, hata Kitinda akasogea kuangalia ingawa hakutaka. Akafika juu. Akashuka. Nikauona mkono wake wa kulia, ule wenye kovu la kuunguzwa na eksosi, ukikataa. Ulitaka kufunga. Aliulazimisha. Mba. Kimya. Mba. Mba. Mshale ukapanda, ukashuka. Akafika pale pa kuangukia, sote tukakaza miili. Akapita.

Akakata kona ya mwisho, akavuka mstari. Kioo kikaandika nani kawahi. Nyekundu ya Bingwa ilikuwa mbele ya kila kitu kilichowahi kukimbizwa humo; Nyeupe ya Kitinda, ya siku alipoijaribu, iko mbali nyuma.

"Nyekundu ina kasi kuliko Nyeupe," binti alisema, na sidhani alikusudia kumchoma. "Kwa mbali."

Bingwa alikaa pale juu ya benchi. Mikono hakuiachia. Nilijua anachokiona, kwa sababu hata mimi nilikiona: siku ile angeshinda. Pikipiki ilikuwa bora, mpandaji alikuwa bora, oili ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni kuiachia injini ikohoe kidogo.

Nilingoja aseme samahani. Nimeishi muda mrefu na bado nangoja mambo ya ajabu.

"Hata hivyo," alisema bila kugeuka, "ulinipita."

Kitinda akakunja mikono kifuani.

"Nilikuwa chini, bado sijazimia. Nilikuona. Ulikata pembeni yangu, hata breki hukugusa. Nyonga imevunjika, nakuona unakwenda. Hata kama oili ulitia pipa zima, ulinipita."

"Nilikupita," Kitinda alisema. "Nilikuona, na sikusimama. Kila siku wewe tu, kila kikombe chako. Nilisema leo nipite kwanza, nitarudi. Nilirudi ukawa umeshachukuliwa."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi umesema. Miaka yote unalia oili, oili, kama vile hakuna kingine."

"Aliyelia oili ni wewe!"

"Na wewe ulinyamaza na lako!"

Wakapigiana kelele mpaka binti akazima spika, kana kwamba kelele zilitoka humo. Mimi nikamimina chai, nikainywa mwenyewe, imepoa. Niliwaacha. Afadhali kugombania kitu chenyewe kuliko kivuli chake. Walipochoka, Bingwa alichomoa ufunguo wa gereji mfukoni, akautupa juu ya meza yangu ukagonga sahani.

"Nilitamka, sirudi nyuma. Chukua. Lakini usidhani nimekupenda."

"Sikuombi unipende. Nataka gereji."

"Na meza ya kazi usiisogeze."

"Ni yangu sasa, nitaisogeza ninavyotaka."

Akaisogeza, asubuhi iliyofuata, na Bingwa akasimama mlangoni kumwambia ameiweka vibaya. Siku ya pili alikuja na kiti. Ya tatu akaja kusema mwanga haumtoshi fundi asiyejua kazi. Mtu wa matairi alikwisha kuambiwa aende zake, na waliomwambia ni wote wawili kwa pamoja, kwa ukali uleule, mpaka akadhani wamegombana naye yeye.

Kisha akaja mteja, mama mmoja mwenye mashine ya kukatia majani, ya stroki mbili, iliyokuwa imenata. Aliwaona wawili pale, mmoja kachuchumaa na spana, mwingine kakaa juu ya kiti anatoa amri, akaduwaa asijue amwambie nani.

"Mpe huyo," Bingwa alisema, akionyesha kwa kidevu. "Anaudhi, lakini oili anajua kupima."

Nilikuwa dirishani kwangu nachambua mchele. Spana ikaacha kulia.

"Umesemaje?" Kitinda aliuliza kutoka ndani.

"Nimesema unaudhi."